Nani Kasema Ajali Haina Kinga?

Mama wa vitumbua aligongwa saa 12:40 asubuhi, akiwa katikati ya zebra, kwenye Barabara ya Mwai Kibaki, si mbali na kituo cha Kwa Warioba. Nasema katikati ya zebra kwa makusudi, maana hicho ndicho kitu cha kwanza kilichodondoka kwenye simulizi. Kufikia saa 2, pale kijiweni kwa bodaboda, alikuwa amegongwa "akikatiza barabara". Kufikia mchana alikuwa "ameingia barabarani ghafla". Jioni, nilipokwenda kituo cha polisi na mdogo wake kufuatilia PF3, askari aliyekuwa zamu alituuliza, kwa upole kabisa, kama mgonjwa alikuwa anaongea na simu.

Alikuwa na ndoo ya vitumbua kichwani. Mkono mmoja ameshika ndoo, mwingine ameshika chupa ya chai. Simu angeishikia wapi?

Mimi nilikuwa ng'ambo nasubiri daladala, kwa hiyo niliona. Daladala moja ilisimama kumpisha, dereva akampungia mkono apite. Nyuma yake kulikuwa na gari dogo jeupe ambalo halikuona sababu ya kusubiri. Likatokea kulia, likaipita daladala iliyosimama, likamkuta mama anamalizia hatua ya nne au ya tano. Vitumbua vilitawanyika hadi kwenye mtaro. Gari halikusimama, na sote tuliokuwepo tulikuwa tunamwangalia mama, hakuna aliyesoma namba.

Wakati tunamnyanyua kumwingiza kwenye bajaji (najua, mtu aliyevunjika hanyanyuliwi vile, lakini ambulensi ungeisubiri mpaka lini), mzee mmoja aliyekuwa amesimama pembeni akatikisa kichwa na kusema, "Ndiyo hivyo. Ajali haina kinga." Wengine wakaitikia. Nadhani nimeusikia msemo huo mara elfu tangu nizaliwe, kwenye misiba, redioni, nyuma ya mabasi. Siku ile ulinichoma, na haujaacha kunichoma hadi leo.

Neno ajali tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako ajal ni muda uliowekwa, siku ya mtu ya kuondoka. Kiswahili kililipokea likiwa na mizigo yote miwili: tukio baya lisilotarajiwa, na siku iliyokwisha kuandikwa. Msibani ni neno la faraja na sina ugomvi nalo. Nikienda kumpa mfiwa pole, na mimi nasema kazi ya Mungu haina makosa. Ugomvi wangu unaanza pale neno la matanga linapohamia kwenye ofisi ya mhandisi, kwenye jedwali la bajeti, kwenye taarifa kwa vyombo vya habari. Maana kama siku ya mama wa vitumbua ilikwisha kuandikwa, basi nani atahangaika kuuliza kwa nini rangi ya zebra ile imefutika mpaka dereva mgeni hawezi kujua kama ipo?

Hatukuanza sisi. Agosti 17, 1896, mwanamke mmoja aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na gari pale Crystal Palace, London. Anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza anayetembea kwa miguu kuuawa na gari Uingereza. Baraza lililochunguza kifo chake lilitoa uamuzi kwamba kilikuwa ajali. Neno hilo lilikuwa tayari linasubiri mlangoni, magari yenyewe yakiwa bado ya kuhesabika kwa vidole. Tangu hapo dunia nzima imekuwa ikiandika uamuzi uleule, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano wao alikuwa anatembea kwa miguu. Kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, yaani wewe unayesoma na wadogo zako, barabara inaua kuliko ugonjwa wowote.

Kwetu, hata hesabu yenyewe ni ugomvi. Kwa mwaka 2016, takwimu rasmi za Tanzania zilionyesha vifo 3,256 vya barabarani. Shirika la Afya Duniani, kwa mwaka huohuo, lilikadiria zaidi ya 16,000. Sisemi kuna mtu kadanganya. Daftari la polisi linaandika kilicholifikia, na mtu anayefia wodini baada ya siku tisa, au aliyerudishwa kijijini kwao akafia huko, mara nyingi halifikii. Lakini hebu fikiria uzito wa pengo hilo. Watu zaidi ya 12,000 ambao hatuna uhakika walifia barabara gani, saa ngapi, wakienda wapi. Utatengeneza wapi kama hujui panapovuja?

Ajali ya basi la wanafunzi kule Karatu, Mei 2017, iliyoua watoto 32 na watu wazima watatu, iliiliza nchi nzima, na ilistahili. Majeneza yamepangwa uwanjani, kila mtu aliyaona. Anayegongwa akitembea hafi hivyo. Anakufa peke yake, mmoja Mbagala, mmoja Tandika, mmoja Tegeta, mmoja hapa kwetu, na kila mmoja ana khanga yake iliyomfunika na umati wake mdogo unaotawanyika baada ya nusu saa. Ukiwakusanya wa mwezi mmoja tu uwanjani, nina hakika waziri angekuja.

Sasa nikuonyeshe Mikocheni ninayoijua. Ni mtaa wa kuta. Ukuta, geti, bango la mbwa mkali, ukuta mwingine, halafu mtaro wa wazi, halafu lami. Kati ya mtaro na lami ndipo watu wanapotembea, mahali ambapo kwenye mitaa mingi ya ndani ni upana wa kandambili mbili. Na wanaotembea si wenye nyumba. Kuanzia saa 11 alfajiri ni walinzi wanaobadilishana zamu, dada wa kazi wanaorudi kutoka kwao, mafundi na mifuko yao ya vifaa, wahudumu wa hospitali na mahoteli, vibarua wa viwandani wanaoshuka Mwenge na kuifuata barabara ya Coca-Cola kwa miguu ili kuokoa nauli. Wanafunzi nao, wengine wadogo sana, begi limewazidi mgongo. Wenye nyumba wanatoka saa 1, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinapuliza. Watu wa aina hizi mbili wanakutana sehemu moja tu, nayo ni lami, na hapo mmoja ana tani moja na nusu ya chuma na mwingine ana ndoo ya vitumbua.

Kwa hiyo naposikia kwamba tatizo la usalama barabarani ni "elimu kwa umma", nacheka kwa uchungu. Mama wa vitumbua anaijua barabara ile kuliko mtu yeyote aliyewahi kuichora. Ameivuka mara nne kwa siku kwa miaka mingi, na ukimwuliza atakwambia saa ambayo malori ya mchanga yanapita na upande ambao jua linampiga dereva machoni. Elimu gani tena unataka kumpa?

Lakini kila mwaka inakuja Wiki ya Nenda kwa Usalama, na stika zake, na maandamano, na hotuba. Hotuba hizo ukizisikiliza ni kama zimepigwa chapa: madereva waache uzembe, bodaboda waache uzembe, waenda kwa miguu waache uzembe. Uzembe ni neno zuri sana kwa serikali yoyote, kwa sababu halina gharama. Halihitaji zabuni. Mzembe ni mtu, na mtu anaweza kukemewa kwenye kipaza sauti, tukapiga makofi, tukaenda kula. Sijawahi kusikia hotuba iliyotamka uzembe wa barabara. Kona isiyo na taa, kituo cha daladala kilichowekwa upande huu na shule upande ule bila kivuko kati yao, lami mpya iliyomalizwa hadi ukingoni bila hata nusu mita ya kukanyaga. Huo ni uzembe uliopigiwa mhuri, na unafanya kazi saa 24, haulali wala haulewi.

Niungame kitu hapa, nisije nikaonekana mtakatifu. Miaka miwili iliyopita, usiku wa saa 3, nilikuwa naendesha gari la kaka yangu kutoka Tegeta kuja Mwenge. Barabara mpya ya Bagamoyo, imenyooka, pana, magari machache. Kijana mmoja alitokea gizani kwenye ukuta wa katikati, akaruka mbele yangu. Nilimkosa kwa kiasi cha mkono. Nilipotazama mshale, ulikuwa kwenye 80. Sikuwa nimelewa. Simu ilikuwa mfukoni. Wala sikuwa na haraka, nilikuwa narudi nyumbani kulala. Nilikuwa nakwenda mwendo ambao barabara ile ilinialika niende. Sheria inasema 50 kwenye maeneo ya makazi na ninaijua vizuri, niliifanyia mtihani. Lakini sheria ilikuwa kwenye kibao nilichokipita dakika kadhaa nyuma, na barabara ilikuwa chini ya matairi yangu, inaniambia kitu kingine kabisa.

Tangu usiku ule nimeacha kuamini kwamba madereva ni watu wa aina fulani. Dereva ni mtu yeyote ukimpa njia pana na iliyonyooka.

Hesabu zenyewe hazihitaji profesa. Mtu mzima mwenye miguu mizuri hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde. Njia moja ya gari ina upana wa kama mita 3.5. Barabara ya njia mbili anaivuka kwa sekunde 6. Ipanue iwe njia nne bila pa kupumzikia katikati, anahitaji sekunde 12, na ndani ya sekunde 12 gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakuwa limekata mita 200. Kama ni bibi, au mjamzito, au mtu mwenye ndoo kichwani anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde, gari lililo karibu mita 300 mbali tayari ni hatari kwake. Simama pale Makumbusho jioni uangalie mita 300 mbele, uniambie kama unaweza kukisia mwendo wa taa mbili zinazokuja. Kisha kuna breki. Nguvu ya gari haipandi sawa na mwendo, inapanda kwa mraba wake, kwa hiyo mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kumpiga mtu inakuwa mara nne. Shirika la Afya Duniani linasema gari likimgonga mtu kwa kilomita 65 kwa saa, uwezekano wa kumwua ni mara 4.5 ya gari lililokuwa kwenye 50. Kilomita 15 tu za ziada, ambazo kwenye safari ya Mwenge hadi Morocco zinakuokolea chini ya dakika mbili.

Na hapo Morocco na Mwenge ndipo kilipotokea kisa ambacho kila nikiwaza pesa za barabara lazima nikirudie. Mwishoni mwa 2015 Rais Magufuli, akiwa na wiki chache tu Ikulu, alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 na kuagiza shilingi bilioni 4 zilizokuwa zitumike kwenye gwaride na halaiki zikapanue barabara ya Morocco hadi Mwenge, kilomita 4.3, ili kupunguza foleni. Siku yenyewe tukafanya usafi. Nilikuwa kijana, nilishangilia hadi sauti ikanikauka. Greda zilianza kazi papo hapo. Hakuna aliyesema bajeti imekwisha kupitishwa, wala kwamba suala linashughulikiwa, wala lirudishwe kwenye vikao vya chini.

Sikilaumu kitendo kile. Ninachotaka ukione ni kwamba pesa zilipatikana kwa siku chache, kwa sababu foleni ilitambuliwa kuwa dharura ya taifa. Foleni inamkera mtu aliye ndani ya gari, na mtu aliye ndani ya gari ndiye anayejua namba ya simu ya mkubwa. Kufa kwa anayetembea hakujawahi kuwa dharura. Hakuna Uhuru wowote uliowahi kufutwa ili watu wapate pa kukanyaga.

Ukilisema hili, jibu linalokuja haraka ni daraja la juu la waenda kwa miguu. Tunayapenda madaraja haya mpaka mengine yamezaa majina ya vituo. Muulize konda yeyote "Manzese Darajani" ni wapi. Nakubali, kwenye barabara kama ya Morogoro kule Kimara, iliyopanuliwa hadi njia nane, hutamvusha mtu chini kwa chini ukalala usingizi. Lakini tusidanganyane kuhusu daraja ni la nani. Daraja la juu linajengwa ili gari lisipunguze mwendo. Mwenye injini anabaki tambarare, mwenye miguu ndiye anapandishwa ngazi kwenda mbinguni na kushushwa tena. Halafu tunamwona mama wa miaka 60 anaruka uzio chini ya daraja, tunampiga picha, tunaandika "watu wetu hawa!" Mpe dereva ngazi 40 za kupanda kila akitaka kwenda dukani, uone kama hatatafuta njia ya mkato.

Kwa barabara kama ya Mwai Kibaki, daraja ni kichekesho. Pale panahitaji kitu cha bei rahisi ambacho madereva wote wanakichukia. Tuta.

Najua linavyotukanwa. Linaharibu shoki, linaamsha mgonjwa kwenye ambulensi, limejengwa na fundi asiyejua vipimo, halina rangi wala kibao. Mengine kweli ni mabaya, unayakuta usiku na kuacha bampa. Basi yajengwe vizuri, kuna vipimo. Lakini tuta ni askari wa trafiki asiyekwenda kunywa chai, na ambaye huwezi kumpa elfu tano. Na yapo makutano kati ya tuta na zebra, kivuko kilichonyanyuliwa usawa wa njia ya miguu, ambapo anayepanda na kushuka ni gari.

Si nadharia ya watu wa Ulaya. Dar es Salaam hii hii, shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi ambazo watoto wake walikuwa wakigongwa sana, na mradi wanaouita SARSAI. Walichofanya kinachosha kukisimulia kwa jinsi kilivyo cha kawaida. Walitembea na watoto kutoka nyumbani hadi shuleni. Wakaweka matuta, zebra, vibao, njia ya miguu, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande njia hiyo. Kuna mahali walihamisha geti tu, kutoka upande wa barabara kubwa kwenda upande wa uchochoro. Utafiti uliofuata ulionyesha majeruhi wa barabarani miongoni mwa watoto wa shule hizo walipungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mradi huo ukapata tuzo kubwa ya kimataifa ya miji, ya taasisi ya WRI, mbele ya miji mikubwa ya dunia. Tulipewa tuzo kwa kugundua kwamba mtoto akitengenezewa njia, hafi. Unajisikia fahari na aibu kwa wakati mmoja.

Kwa nini basi haikuwa kanuni ya nchi nzima kesho yake? Hapa ndipo ninapokorofishana na marafiki zangu wanaofanya kazi serikalini, ambao husema, sera ipo. Ni kweli ipo. Tuna Sera ya Taifa ya Usalama Barabarani ya mwaka 2009. Tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, ambayo inamtaka dereva ampishe mtu kwenye kivuko, na ukimkamata unamwandikia faini ya shilingi 30,000. Tuna Sheria ya Barabara ya 2007, iliyoongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu hadi mita 60, na wengi wetu tunaijua kwa ile X nyekundu iliyopigwa kwenye kuta za ndugu zetu. Mita 60! Serikali ina uwezo wa kumbomolea mtu nyumba ili magari ya mwaka 2040 yapate nafasi, lakini mwenda kwa miguu wa leo anaambiwa nafasi hakuna. TANROADS ina barabara zake, TARURA ina zake tangu 2017, mwendokasi una wakala wake. Anayetembea ana wakala gani?

Ninachodai si kirefu. Kilomita 30 kwa saa iwe sheria mitaani kwenye makazi, mbele ya shule, sokoni na hospitalini, na barabara zenyewe zijengwe hivyo kwamba kwenda 31 kukuumize kiuno. Februari 2020 mawaziri waliokutana Stockholm waliitaja namba hiyohiyo kwa maeneo ambayo watu na magari wanachanganyikana, na Umoja wa Mataifa mwaka huohuo ukaweka lengo la kupunguza vifo na majeruhi kwa nusu ifikapo 2030. Imebaki miaka ya kuhesabu kwa mkono mmoja. Pesa za Mfuko wa Barabara zisilipe mradi wowote wa mjini usio na njia ya miguu pande zote mbili, na mkandarasi asikabidhi kazi wala kulipwa kipande cha mwisho mpaka mtu aitembee na mtoto mkononi. Nairobi, ambako wala si peponi, waliandika kwenye sera ya jiji lao mwaka 2015 kwamba asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara iende kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Utekelezaji ni habari nyingine, najua, mimi nimetembea Nairobi. Lakini angalau mwananchi wa kule ana namba ya kumwonyesha diwani.

Na kuna moja ambalo silioni likisemwa. Mtu akifa barabarani, dereva anahojiwa, marehemu naye anahojiwa kwa namna yake, alivaa nini, alitokea wapi. Nataka barabara ihojiwe. Faili la kila kifo liwe na ukurasa wa mhandisi: upana ni kiasi gani, taa ilikuwa inawaka, rangi ya kivuko ilipakwa lini, mwendo wa kawaida wa magari hapo ni upi, na ni wangapi waliokwisha kugongwa hapohapo. Ukurasa huo ubandikwe mtandaoni, usije ukaishia kabatini. Akifa wa pili mahali hapohapo bila kitu kubadilishwa, mwenye barabara aeleze kwa jina lake.

Wakati naandika haya, barabara ya Bagamoyo inafumuliwa kwa ajili ya awamu ya nne ya mwendokasi. Kila abiria atakayepanda basi hilo atafika kituoni kwa miguu, na akishuka ataondoka kwa miguu. Awamu ya kwanza ilianza 2016, tumepata muda wa kutosha kujifunza. Nitakuwa nawaangalia sana wale watakaopima hatua 200 za mwisho, kutoka kituoni hadi uchochoroni kwa mtu.

Mama wa vitumbua amerudi, ila hauzi tena barabarani. Mguu ulivunjika sehemu mbili, ukawekewa vyuma, akaa ndani miezi mitano. Bima ya gari ingemlipa, kama gari lingejulikana. Mtaji wa mchele na mafuta ulikwenda kwenye dawa na nauli za kliniki. Nilipokwenda kumjulia hali nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akaanza kuniomba radhi mimi, kwamba wateja wake tumekaa muda wote bila chai ya asubuhi. Sasa anapika nyumbani, na anayeleta ndoo ni binti yake wa darasa la sita, kabla ya kwenda shule, kwa zebra ileile.

Ndiyo maana mwezi uliopita tuliandika barua ya kuomba matuta mawili na rangi. Tulikusanya saini 61. Wenye nyumba walikuwa wanne. Zilizobaki ni za walinzi, dada wa kazi, wauza chipsi, bodaboda wa kijiweni. Niliipeleka mwenyewe kwenye ofisi husika, nikatumwa dirisha jingine, nikatumwa ofisi nyingine, mpaka nikampata afisa mmoja, mtu mzima, mstaarabu, akanikaribisha kiti. Akaisoma yote. Akavua miwani.

"Kijana, hapo ameshakufa mtu?"

Nikamwambia bado.

Akaandika kitu pembeni ya barua, akaiweka juu ya rundo la upande wa kushoto.